Mjapani Anasikika, Tata Hasikiki

Hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kupakia mawe kwa malori kule machimboni Juja, na leo mawili kati ya malori yanayopita hapo barabarani ni yangu, na vyumba kumi na vinne vya kukodisha Kiganjo ni vyangu. Nimeona lori ikikatika breki imejaa mawe. Nimeona mpangaji akihama usiku na mlango wa chumba. Mlango wenyewe! Sikushangaa. Nilinunua mwingine wa chuma. Sasa redio ya gari ilikuwa nini kwangu?

Gari yangu ilitoka Japani moja kwa moja, na kama nyingi za huko, ukiwasha injini kuna mwanamke ndani ya redio anayekusalimia kwa Kijapani. Watu wengi humzima. Mimi nilimwacha, maana nililipia gari pamoja na yeye.

Mama yangu anakaa Makongeni, Thika, kwenye nyumba niliyokulia. Mimi nimejenga Ruiru. Kila Jumapili akitoka kanisani namchukua, tunakuja kwangu kula chakula cha mchana. Masikio yake yamechoka. Nilimnunulia kile kifaa cha kuvaa sikioni, kizuri, cha bei, akakifungia kwenye droo kwa sababu eti kinampigia filimbi.

Kile anachobeba ni karedio kadogo kekundu, ka kuwekwa kadi ya memori, kanakoning'inia shingoni kwa kamba. Ndani kuna nyimbo za kikundi chao cha akina mama kanisani, zilizorekodiwa wakifanya mazoezi, na anayeanzisha kila wimbo ni tata yangu, dada yake mdogo. Waliimba pamoja tangu wakiwa wasichana, tata sauti ya kwanza, mama sauti ya pili. Tata alifariki mwaka jana. Tangu tumzike, mama hajaimba. Kanisani husimama na wengine, kitabu amekishika, mdomo umefungwa.

Jumapili moja aliingia kwenye gari, yule Mjapani akasalimia, mama akamjibu kama kawaida yake, "Na wewe pia, mami." Halafu akaweka karedio sikioni, akakasikiliza, akakashusha.

"Baba," akaniambia. Huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Huyu mwanamke wa gari namsikia kila neno, na sielewi hata moja. Dada yangu ningemwelewa kila neno, na simsikii."

Spika ya karedio ni kama kifuniko cha soda. Gari yangu ina spika sita. Nikamwambia kwa sauti kubwa, "Maitu, Jumapili ijayo utamsikia tata humu humu ndani, kwa spika sita!" Mezani nikarudia mbele ya watoto wote. Bibi yangu akaniuliza kama najua vile hiyo kazi inafanywa. Nikamuuliza kama nilijua vile nyumba inajengwa kabla sijajenga hii anayokalia.

Jumatatu niliazima karedio kwa mama mpaka jioni, nikapitia duka moja Thika, nikauziwa kwa mia tisa kidude cha kuchomeka pale kwa kuwashia sigara. Unaunganisha karedio nacho, kinarusha muziki kama stesheni ndogo, redio ya gari inaudaka. Mwenye duka hakuniambia, na labda hakujua, kwamba redio za Japani FM yake inaishia tisini. Hapo chini ya tisini nilipoweza kukiweka, stesheni nyingine ilikuwa imeshakalia. Tata alikuwa anaimba kwa mbali huku mhubiri akimkemea shetani, na juu yao wote mlio kama wa mafuta ya chapati.

Alhamisi nikaamua kupeleka waya mwenyewe mpaka nyuma ya redio. Vyumba kumi na vinne nimevifunga stima kwa mikono hii, nishindwe na gari? Nikatoa kwanza nyaya za betri, kwa usalama. Nikang'oa dashibodi, nikatafuta mahali pa kuingiza waya, hapakuwepo. Nikarudisha kila kitu. Nilipowasha, kioo cha redio kilijaa maandishi ya Kijapani yakiulizia kitu. Mwanamke kimya. Spika sita kimya. Nilibonyeza kila mahali. Lugha ninazojua ni tatu, na hakuna iliyosaidia.

Jumapili mama akaingia, akafunga mkanda, akangoja salamu.

"Yule mwanamke ameenda wapi?"

"Ni Jumapili, maitu. Amepumzika."

"Umemfanya nini?"

Nikaingiza gia. Na yeye hakuniuliza kuhusu tata. Hiyo ndiyo iliniuma. Alitoa karedio shingoni, akakafunga ndani ya leso, akaangalia nje mpaka tukapita Juja. Ningetukanwa ningevumilia.

Tulipofika Ruiru sikuelekea nyumbani. Nilikata kona kwa fundi wa waya za magari, mwanamke mwenye kontena karibu na barabara, ambaye hafungi hata Jumapili. Aliketi kiti cha dereva, akaangalia redio sekunde mbili.

"Boss, ulitoa betri?"

"Usalama kwanza."

"Usalama wa nani?" Akacheka. "Hizi redio ukizitoa betri zinadhani zimeibiwa, zinajifunga. Kufungua ni elfu mbili na mia tano."

"Kwa kubonyeza tu?"

"Basi bonyeza wewe." Akatoka kwenye kiti, akanipisha.

Nililipa. Alipiga picha, akatafuta namba kwenye simu yake, akaziingiza moja moja. Baada ya muda yule Mjapani akazungumza. Mama akaruka. "Karibu tena, mami!" Fundi alicheka mpaka akashika mlango.

Nikachukua karedio kwenye leso ya mama, nikamweleza ninachotaka. "Sasa haka karedio," fundi akasema, "kanataka waya tu. Huku pini, huku pini. Mia mbili."

"Gari hii haina tundu la hiyo waya," nikamwambia. "Nimeng'oa dashibodi yote nikilitafuta."

Mama hakusikia hayo yote. Lakini aliona pini mkononi mwa fundi. Akafungua lile sanduku lililo katikati ya viti, ambamo huweka peremende zake za safari, akaingiza kidole mpaka kwenye kona.

"Baba, si hiyo inaingia hapa? Kwa haka kashimo ndipo karatasi za peremende hunikwamia."

Miaka mitatu. Tundu lilikuwa chini ya kiwiko changu miaka mitatu. Fundi alichokonoa karatasi kwa sindano, akaingiza waya, akaniangalia. "Boss, dashibodi uliing'oa ya nini?" Nikajifanya natafuta mia mbili mfukoni.

Kwanza zilisikika kelele za viti, mtu akakohoa. Kisha tata akaanza, kwa spika sita, kama ameketi kiti cha nyuma.

Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Ameanza mapema," akasema. "Kila siku nilimwambia, ngoja wengine wavute pumzi!"

Ubeti wa pili ulipoanza, aliingia na sauti yake. Mimi ni mtu wa kungojea nje ya kanisa nikipiga simu za kazi. Sikuwa nimewahi kukaa karibu naye hivyo akiimba. Sauti nzito, ya chini. Mimi ni mjenzi, nikaelewa: tata alikuwa ukuta, huyu ndiye msingi. Nilisema hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Haya, hicho kiwe kimoja.

Tulipofika kwangu walikuwa wimbo wa nne. Mama hakugusa mlango, na mimi sikusimama. Niliweka mafuta ya elfu moja, tukaenda mpaka Murera tukarudi, tukaenda tena. Bibi yangu akapiga simu. "Chakula kinapoa!"

"Kipashe," nikamwambia. "Tata hajamaliza."

Watu wakiniuliza ile kazi ya redio ilinigharimu ngapi, huwaambia mia mbili, bei ya waya. Bibi yangu pia nilimwambia hivyo. Lakini ukiweka kile kidude cha Thika, na fundi, na waya, na mafuta ya kuzunguka Murera mpaka wimbo wa mwisho, ilikuwa shilingi elfu nne na mia sita.