Watoto wa Angani Tuliowaombea

Nilipokuwa mtoto, jioni moja jikoni kwa Bibi, kwanza nilisikia mabuti yakikwanguliwa tope nje. Juzi, nilipomwona msichana sokoni Lushoto akisoma riwaya ileile niliyokuwa nayo jioni hiyo, sauti hiyo ilinirudia. Jioni ile jikoni kulinukia moshi na maharage. Mimi na Bibi tulikuwa tukiwaombea watoto wa riwaya hiyo, waliozaliwa ndani ya chombo cha angani bila mama, maana nilidhani wapo kweli. Akaingia baba mkubwa, mzee wa kanisa.

"Lete hicho kitabu nikichome. Mnawaombea watu wasiokuwepo."

"Shikamoo, baba," nilisema, nikakikalia. "Kama hawapo, unataka kumchoma nani?"

Bibi alicheka, akamgeukia baba mkubwa. "Mwanangu, hatujafika amina."

Leo najua hawakuwepo, na bado ningekikalia. Jioni ile baba mkubwa alitoka bila kuaga. Bibi akaufunga mlango.