Televisheni ya Kijivu Chumbani kwa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika paja. Hospitali walimfunga hogo la plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu, wakasema atalala hivyo miezi mitatu. Tulikuwa tunakaa Newala mjini. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa choo cha jirani.

Wiki ya pili mjomba wake alikuja kutoka Tandahimba akamletea mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kaseti, yenye pedi mbili.

Kwetu sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hilo nililijua nilipooa, wala halikuniuma. Wakati huo nilikuwa karani wa chama cha ushirika, na huyo mjomba, shemeji yangu, hakuwa na hata baiskeli. Kisha biashara ya korosho ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, shemeji akawa wakala wao, na ghala nililokuwa nafanyia kazi likafungwa. Mimi nikarudi kwenye jembe, yeye akanunua pikapu. Hapo ndipo ujomba wake ulipoanza kuniuma.

Mashine ilihitaji televisheni, nasi hatukuwa nayo. Matangazo ya stesheni hayakuwa yakifika kwetu, na wenye televisheni walikuwa wanaangalia mikanda ya video tu. Shemeji akasema ataleta na televisheni. Nikamkatalia kwa sauti, ili binti asikie chumbani: "Hiyo nitanunua mimi. Huyu naye ana baba."

Alisikia. Aliniita kando ya kitanda.

"Baba, nunua ya rangi. Ule mchezo wa vijipira hauchezeki bila rangi."

Aliucheza likizo kwa mjomba wake. Vijipira vyekundu, vya kijani na vya bluu vinadondoka kutoka juu. Ukipanga vinne vya rangi moja, vinatoweka.

"Na mimi utanifundisha?"

"Nitakufunga, baba. Utalia."

Nilikwenda Masasi na mashine ndani ya kikapu ili niijaribu dukani. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyehamia kutoka Njombe. Aliweka mezani televisheni mbili, zote ndogo za inchi kumi na nne, moja ya rangi na nyingine isiyo na rangi. Akachomeka waya kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Kwenye ya pili vijipira vyote vilikuwa vya kijivu.

"Umeona, baba?" alisema. "Hii labda ya kuangalizia mpira. Ukimpelekea mgonjwa mchezo huu kwenye televisheni hii, umemtesa." Kisha akaigeuza mashine. "Hii niliuza mimi. Alinunua wakala mmoja wa Tandahimba. Ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Ala! Basi una raha, mzee. Umezaa wewe, analea shemeji."

Alitania tu, na wateja wakacheka. Hela ya ile ya rangi nilikuwa nayo mfukoni. Nikamwambia, "Nifungie hiyo ya kijivu."

Ningependa kusema kwamba ni utani ule ulionikasirisha, lakini nitakuwa namsingizia yule mama. Wazo hilo lilinijia ndani ya basi, kabla hatujafika Masasi. Nilitaka zawadi ya shemeji ifie nyumbani kwangu bila mimi kuigusa.

"Za rangi zimekwisha," nilisema nilipofika.

"Si neno, baba. Asante."

Niliiweka juu ya stuli karibu na miguu yake, na umeme ulipokuja jioni akacheza. Haikupita dakika mbili akafungwa. Akaanza upya, akafungwa tena.

"Baba, vyote vimefanana."

"Mwambie mjomba wako aje avipake rangi."

Nilicheka peke yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni na bakuli la uji. "Huyo ni mtoto, baba," akasema. Nikamjibu, "Kwani nimesema nini?" Tangu siku hiyo nikawa napita mlangoni kila jioni na kuuliza, "Bingwa, leo umefungwa mara ngapi?" Alikuwa ananijibu idadi kamili, kwa adabu.

Mwezi wa pili nilipouliza, alisema, "Leo sijafungwa."

Niliingia. Sehemu ya pajani ya lile hogo ilikuwa imejaa herufi za kalamu ya wino, mistari na mistari: N, K, B. Nyingine zilikuwa zimekatwa na kuandikwa upya. Alikuwa amegundua kwamba kila ukiwasha mashine, vijipira vinakuja kwa mpangilio uleule. Alikuwa anabahatisha, vinne vikitoweka anajua ni rangi moja, anaandika. Alijaza mguu mzima hivyo, jioni baada ya jioni.

"Nimefika hatua ya tisa," alisema. "Kaa ucheze, baba. Mimi nitakuwa nakusomea."

Kusema kweli nilijisikia fahari, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikahisi nimeshindwa, tena na shemeji.

"Cheza na mjomba wako," nikasema, nikatoka. Hakuniita tena.

Siku ya kukata hogo, alimwomba nesi ampe kile kipande cha pajani. Nesi akaniuliza, "Nikufungie kwenye gazeti, baba?"

"Tupa. Linanuka."

Kikatumbukizwa kwenye ndoo. Binti yangu alinitazama, hakulia.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, shemeji alikuja na pikapu kumchukua akasomee Tandahimba. Haki hiyo alikuwa nayo. Binti alipakia mashine yake, akaniaga, akapanda. Nilimwuliza kuhusu televisheni.

"Hiyo ni yako, baba."

Sasa anaishi Masasi na ana watoto wake. Mwaka jana nilimtembelea nikiwa nimeazimia kusema. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Zile televisheni za rangi," nilisema. "Zilikuwepo. Na hela nilikuwa nayo."

Hakuinua kichwa. "Najua. Mama wa dukani alimwambia mjomba wiki ileile. Mjomba alitaka kuniletea ya rangi, nikamkataza."

"Ukamkataza kwa nini?"

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani.

"Nilikuwa nasubiri uende ukabadilishe mwenyewe."

Akapepeta mara mbili, akaniuliza, "Utakula hapa, baba, au unawahi gari?"