Aliyekaa na Nguo

Kiangazi kile Birmingham ilikauka hadi nyasi za bustani zikawa rangi ya mkeka. Redioni tuliambiwa tuoge kwa maji kidogo, na mimi niliyelelewa Unguja, ambako mtu huoga asubuhi, mchana na jioni, niliona nimetukanwa. Nilikuwa nesi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, nimeachika, nimekuja Uingereza na sanduku moja, sina hata shangazi wa kunifokea. Niliyekuwa naye ni shoga yangu mmoja, wa kwetu vilevile, nesi vilevile. Tulipanga chumba kimoja Selly Oak, tukapika chungu kimoja, tukaazimana hadi viatu.

Mwingine alikuwa mama mmoja wa Small Heath, mke wa mfanyabiashara wa kwetu. Jumapili zote tulizokuwa hatuna zamu alitulisha. Mimi nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, na kwa mtu aliyekuwa peke yake kama mimi neno hilo halikuwa dogo. Kiangazi hicho binti yake alikuwa anaolewa. Siku moja mama akanishika mkono akaniambia, “Mwanangu, mtoto nakukabidhi wewe. Uwe somo yake.”

Asiyejua mambo yetu nimwambie: somo ndiye anayekaa ndani na bibi harusi, akamwogesha, akamsinga mwili mzima kwa singo ya liwa na mawaridi, akamfundisha yale yasiyosemwa sebuleni. Anamwona alivyo, na alichokiona hakitoki naye mlangoni. Hapewi kazi hiyo mtu wa kupita. Nilirudi Selly Oak nikilia ndani ya basi, watu wakinitazama, nami sijali. Mimi niliyesemwa na mawifi mpaka wakachoka, leo nakabidhiwa mtoto wa watu!

Harusi ikiwa inakaribia, nesi mmoja wa Kiingereza wa wodini kwetu akatuambia anajua ziwa nje ya mji, limejificha nyuma ya miti, na huko mtu akitaka anavaa, asipotaka havai. Nilidhani anatania. Akatupakia kwenye kagari kake, tukaenda.

Hakuwa akitania. Mzee mmoja alikuwa kwenye kiti cha kukunja anasoma gazeti, na vazi lake lote ni kofia na soksi. Bibi mmoja akatukaribisha chai ya chupa kwa adabu zake zote, na mwilini hana hata uzi. Nikatazama juu kwenye miti kama mtu anayetafuta ndege. Shoga yangu ndiye aliyecheka kwanza. “Shoga, hapa nani anatujua? Vua bwana, joto hili!” Akavua, akaingia, mimi bado napambana na vifungo.

Niliingia na kanga. Ikajaa hewa, ikanipanda shingoni, nikawa kituko. Shoga akaja akaivuta, akaitupa ukingoni, tukacheka mpaka tukanywa maji. Yalikuwa maji baridi, yana harufu ya udongo, na niliyapenda. Tangu nilipoolewa mpaka nilipoachwa, mwili wangu ulikuwa wa kusemwa na wengine: haukuzaa, haukunenepa, haukupendeza. Siku ile hakuna aliyeusema. Nilielea chali nikatazama mbingu na roho yangu ikatulia.

Wakati wa kurudi tuliomba tushushwe Coventry Road, karibu na kwa mama, tununue nyama. Hatukufikiria nywele. Tukashuka kwenye gari tunachuruzika, mvua haijanyesha mwezi mzima, na mbele yetu amesimama jirani wa mama na kikapu chake. Akatutazama juu mpaka chini. “Mmetoka wapi nyinyi?” Shoga akasema tumetoka wodini. Jirani akasema, “Haya,” kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Habari ikamfikia mama. Alimwita shoga yangu kwanza, peke yake, nami sikujua. Kisha akaniita mimi. Alikuwa jikoni, anachambua mchele, hakuinua uso.

“Mwanangu, nimeambiwa unaoga uchi pamoja na wanaume wa Kizungu.”

“Nani amekuambia, mama?”

“Mwenzio. Nimemuuliza mwenyewe, akalia. Anasema yeye alikaa kando akakushikia nguo. Akakusihi utoke, hukutaka.”

Nikashika meza. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimemwona shoga yangu alivyo, ningetaja alama moja tu ya mwili wake na uongo wote ungeanguka pale pale jikoni. Lakini tulivuana nguo kwa kuaminiana, na somo yangu mimi, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba mtu uliyemwona hivyo humsemi, hata akikuudhi vipi. Kwa hiyo nilinyamaza. Ili niwe mtu anayefaa kuwa somo, nikaukosa usomo wenyewe.

“Sina chuki nawe,” mama akasema. “Lakini mtoto simkabidhi tena kwako. Atasingwa na mwenzio.”

Tangu siku hiyo hakuniita mwanangu. Aliniita nesi.

Harusini nilikwenda, maana nisingekwenda ningekuwa nimekiri. Nikapewa vitunguu vya pilau nimenye, na nikashukuru, kwa sababu mwenye vitunguu haulizwi analia nini. Juu wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, mlango wa bibi harusi umefungwa, na harufu ya liwa na mawaridi inashuka ngazi mpaka jikoni. Kila kitu alichokuwa anafanyiwa yule mtoto nilikijua, na kwa mpango gani, na kwa maneno gani.

Kisha shoga yangu akashuka, mikono imejaa singo mpaka viwikoni. Tulikuwa wawili tu. Nilingoja aombe radhi. Wallahi, angeomba ningelia naye palepale na yangekwisha. Akanisogelea, akanong'ona kwa upole, kama anayetoa shukrani.

“Nilijua wewe hutasema.”

Akasimama kwenye sinki, akanyoosha mikono. “Nifungulie bomba, shoga, nisilichafue.”

Nikamfungulia. Kumsamehe, sijamsamehe.