Nzi Saba Wasiojulikana Mti Wao

Ni saa mbili asubuhi, na Msitu wa Kakamega bado unadondosha mvua ya jana. Ayuma amepiga magoti chini ya mti wenye kibati namba ishirini na mbili, mwendo mfupi kutoka kituo cha Isecheno, akipekua majani yaliyooza. Anatafuta matunda yaliyoanguka. Mazuri anayaacha. Anayoyataka ni yale yenye kitobo kidogo, yaliyoanza kulainika, ambayo mtu mwingine angeyapiga teke.

Juu yake kima wanakula na kutupa makombo.

"Hawa ndio wapinzani wangu," anasema. "Wananitangulianga kila siku. Mimi nakulanga masazo yao."

Anapojaza mfuko wa karatasi, anavuta uzi ulio shingoni mwake. Mahali ambapo wanawake wengi wa kanisa lake huning'iniza rozari, yeye ananing'iniza penseli. Anaandika namba ya mti na tarehe, anasoma alichoandika kwa sauti, kisha anakisoma tena.

Ayuma ana miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka sita ameokota matunda ya mwituni na kulea nzi wanaotoka ndani yake, kwa niaba ya watafiti wanaotaka kujua ni aina ngapi za nzi wa matunda zinaishi sehemu hii ya magharibi, na zina undugu gani. Analipwa shilingi mia saba kwa siku, siku nne kwa wiki. Mradi unafungwa Desemba.

Kibandani kwake, matunda hulazwa juu ya mchanga ndani ya makopo yaliyofunikwa kitambaa chepesi. Funza hutoka kwenye tunda, huzama mchangani na kujifunga ndani ya vikoba vya kahawia vinavyofanana na punje za mchele. Wiki mbili hivi zikipita, nzi hutoka. Ayuma huwapa maji ya sukari siku nne, hadi rangi za mabawa zikolee. Kisha huomba kimya, maana hapendi kuua kiumbe bila kusema neno, na kuwatia kwenye chupa ya spiriti pamoja na kikaratasi kinachotaja mti walikotoka.

Awinja, jirani yake anayeuza chai karibu na lango la kituo, hachoki kumtania.

"Dunia nzima watu wanafukuzanga nzi. Huyu peke yake ndiye anawawekea sukari!"

"Cheka tu," Ayuma anamjibu. "Wako unawalisha bila kujua. Hebu funika hayo mandazi."

Wanacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Ayuma hakifiki mbali siku hizi.

Aliacha shule akiwa darasa la pili. Alipoajiriwa na mradi, alinakili namba za vibati kama mtu anayechora picha. Alipofikisha miaka hamsini alijiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa, jioni tatu kwa wiki. Mwalimu Titus ana desturi yake pale. Kila mwanafunzi huanza na penseli. Siku atakayoandika ukurasa mzima bila kosa, huitwa mbele, akakabidhiwa kalamu ya biro, na darasa zima likapiga makofi.

Siku ya Ayuma ilikuwa Jumanne moja ya Juni, miaka miwili iliyopita.

"Nililia," anasema. "Mwalimu akaniambia, 'Mama, penseli sasa waachie wajukuu.'"

Wiki hiyo alikuwa na nzi kutoka miti kumi na tisa. Alhamisi aliketi kibandani na kuandika vikaratasi kumi na tisa kwa biro yake mpya. Katoni ikaenda maabara Nairobi.

"Niliandika polepole, vizuri. Nilitaka Daktari aone."

Daktari ni Chelimo, mtafiti anayesimamia mradi. Alipiga simu miezi minne baadaye, naye Ayuma anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Mama, umeketi?"

"Nimesimama, Daktari. Kuna nini?"

"Kuna chupa moja hapa, ina nzi saba. Kwa macho ni wale wa kawaida. Lakini vinasaba vyao havilingani na vya nzi wengine wote tulio nao. Ni kama ukoo uliojitenga zamani sana. Walitoka mti gani?"

"Si usome karatasi iliyo ndani."

"Karatasi ni nyeupe, Mama. Spiriti ndiyo ya buluu."

Spiriti haifuti penseli. Wino wa biro huuosha kama mvua inavyoosha chokaa. Tangu siku ya kwanza Ayuma aliambiwa aandike kwa penseli, lakini hakuambiwa kwa nini.

"Nilifikiri ni kwa sababu sikuwa nimesoma," anasema, akitazama vidole vyake. "Nilifikiri penseli ni ya mtu asiyejua."

Chelimo hamlaumu. "Sikumweleza sababu. Hilo ni langu," anasema. "Lakini nzi hawa hatuwezi kuwaandika popote. Tunaweza kusema walikuwepo. Hatuwezi kurudi walikotoka tukawaona tena. Na mtego unaomnasa nzi wa ukoo mmoja huenda usimnase wa ukoo mwingine, kwa hiyo hata mkulima wa maembe angependa kujua."

Daftari la wiki ile lilitaja miti yote kumi na tisa, basi mti wenyewe ni mmoja wao. Tangu hapo Ayuma anaizungukia mmoja mmoja, na si kila mti huzaa kila mwaka. Kumi na sita imeshazaa, nzi wake wamepimwa, na wale saba hawakuonekana. Ilibaki mitatu: namba ishirini na mbili, namba thelathini na moja, na namba kumi na nne.

Namba kumi na nne uling'olewa na upepo wa Aprili. Ayuma aliukuta umelala, mizizi juu, hauna tunda hata moja. Alibandua kibati chake kwa kisu. Sasa kiko ndani ya Biblia yake.

"Kila jioni naombanga usiwe kumi na nne," anasema. "Mtu akifa ukamsahau jina, ni vibaya. Lakini hawa mimi ndiye nilifuta jina lao kwa mkono wangu. Mungu anajua kwao. Mimi ndiye sijui."

Wiki tano baada ya asubuhi ile ya kima, simu inaita Ayuma akisonga obusuma, ugali wa jioni. Ni Chelimo. Ayuma anasikiliza, anasema "Asante, Daktari," na kuweka simu chini. Nzi wa namba ishirini na mbili ni wale wa kawaida.

Anageuza mwiko mara mbili, tatu. Mke wa mwanawe anamuuliza kama wamepatikana. Anatikisa kichwa.

Umebaki namba thelathini na moja, ambao haujazaa kwa miaka miwili. Sasa umeanza kutoa maua. Matunda yake, yakishika, yataanguka Januari, wakati mradi umekwisha na hakuna wa kumlipa. Chelimo ameahidi kutafuta mahali pa kupimia chupa moja, ila hajapata.

"Nitaokota tu," Ayuma anasema. "Mchanga uko. Sukari nitanunua."

Biro ya Mwalimu Titus ameifunga ndani ya kitambaa, juu ya kabati. Huitumia darasani pekee. Kibandani, kopo moja liko tayari, na kando yake kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, herufi kubwa, zilizokandamizwa hadi zikatokeza upande wa pili: *Mti namba 31, Isecheno.* Mahali pa tarehe amepaacha wazi.