Mnasihi Aliyenyamaza Siku za Alhamisi

Alizaliwa Jumatano ya Majivu, binti wa pili na wa mwisho wa mama mshonaji nguo, na kabla hajafumbua macho vizuri alikuwa amekwisha kumshusha dada yake mapajani mwa mama. Dada alikuwa na miaka saba. Alichungulia kitandani, akasema, "Kumbe kadogo hivi ndiko kanakopigiwa vigelegele?" Mama alicheka. Dada hakucheka, na tusimhukumu upesi, ndugu waamini, maana nani kati yetu hajawahi kupimia macho sahani ya ndugu yake? Mtoto huyo ndiye tunayemwita leo Mama Kimya, ingawa Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu.

Ujana wake haukuwa wa kusimulia watoto. Alianza pombe kali akiwa na miaka kumi na tisa, akaendelea nayo miaka sita, hata cherehani ya marehemu mama ikaenda na maji. Dada ndiye aliyemtafuta, akamwogesha, akampeleka kwenye nyumba ya unasihi nyuma ya kanisa: vyumba vitatu, viti vya plastiki, na feni iliyolalamika kuliko wagonjwa. Dada alikuwa mnasihi wa uraibu wa kwanza parokiani kupata cheti, nacho alikitundika mlangoni ili hata asiyejua kusoma akione. Ndiye pia aliyeshika daftari la wateja. Kila aliyeingia aliandikwa jina, siku na saa kwa mkono wake.

Mwaka wa pili bila kugusa glasi, tarehe 4 Agosti, mdogo alisema, "Dada, sasa nataka kukaa kile kiti kingine." Dada akamfundisha kusikiliza bila kukatiza, akamfundisha na kanuni kuu: "Anachokwambia mteja hakitoki. Hata kwa padri, hata kwangu mimi." Cheti kilidai mtihani na saa elfu mbili za kazi chini ya msimamizi, na msimamizi alikuwa dada. Kila Ijumaa alitia saini, mwanzoni kwa fahari. Kisha wateja wakaanza kuuliza mlangoni, "Yule mdogo yupo?" Yule mdogo! Kalamu ikawa nzito. Matokeo yalipotoka, mdogo alikuwa amefaulu mara ya kwanza mtihani ambao dada aliurudia mara tatu. Dada alisema hongera, akageuka kufuta vumbi kwenye cheti chake mlangoni.

Hapo ndipo jaribu likaja. Alhamisi moja, saa kumi jioni, dada alimwona mumewe akitoka chumba cha unasihi cha mdogo wake, macho mekundu, shati limeloa jasho. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Alifungua daftari: jina la mume halimo. Basi si mteja, na kama si mteja, ni nini? Wivu wa miaka thelathini ukapata pa kukaa.

"Shemeji yako anafuata nini kwako?" aliuliza.

"Dada, siwezi kusema."

"Huwezi, au huna haya?"

Dada alikataa kusaini saa arobaini za mwisho, akapeleka malalamiko kwenye bodi ya wanasihi. Mbele ya bodi alilia kwa uchungu wa kweli: "Kikulacho ki nguoni mwako!" Sentensi moja ingemwokoa mshtakiwa, lakini mlalamikaji alikuwa ameketi palepale, kiti cha tatu. Mdogo akasema tu, "Niliyofundishwa ndiyo ninayoyashika." Cheti kikazuiwa. Miaka miwili alifagia vyumba vile na kuchemsha chai ya wateja, na kila asubuhi alimwamkia dada, aitikiwe asiitikiwe.

Alifariki tarehe 11 Juni, ini likiwa limechoka na deni la ujana. Siku ya maziko, mume wa dada alisimama kando ya jeneza, kofia mkononi. "Mimi ni mlevi," alisema. "Leo nina miaka miwili na miezi mitatu sijaonja. Nilimwapisha asiniandike, kwa sababu daftari linashikwa na mke wangu. Alipozuiwa cheti nilitaka kusema, nikaogopa."

Watu waligeuka kumtazama dada. Amekiri mwenyewe kwamba kilichomchoma kwanza hakikuwa toba. Kilikuwa wivu mpya: kwa nini amwambie yule, asiniambie mimi? Alimuuliza mumewe nyumbani, naye akajibu taratibu, "Wewe ungenisaidia, mke wangu. Lakini ungeniandika." Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Dada alilia siku tatu.

Wapo wasemao kwamba aliyeketi kwenye kiti cha Mama Kimya akiwa na kiu ya pombe huinuka kiu imepoa. Sisi hatuongezi neno. Tunachokijua ni kwamba dada alisaini zile saa arobaini, akaiandikia bodi kosa lake lote bila kujitetea, na cheti kikaja, kina jina la marehemu. Akapanda kwenye kigoda, akakitundika juu ya kile chake. Akakitazama. "Hata umekufa umenipita," alisema, na wivu ukamshika kama zamani, ila safari hii hakuuficha. Anao wivu huo hadi leo, nasi tunao wetu. Tumwige basi Mama Kimya katika kufunga kinywa, na tumwige dada pia: maana kila Alhamisi saa kumi hulifunga daftari, hugeuzia mlango kisogo, na anayeingia huingia bila kuonwa.