Mmetoka Mahari Gani?

Kahawa haiuzwi pamoja na maganda yake. Kwa hiyo, kabla sijasimulia lolote kuhusu wasanii waliotoka Mashineni, niruhusuni nizikoboe kwanza habari zenyewe: punje huku, maganda kule.

Maganda ni haya. Inasemwa kwamba kisima cha Mashineni kina maji yanayomfanya mtu awe mchekeshaji. Inasemwa kwamba Shija, ambaye mmemwona kwenye televisheni akichanganya L na R mpaka watu wakashika mbavu, aliubuni utani huo mjini, ndani ya teksi. Inasemwa pia kwamba yeye na Petronia, yule mwigizaji wa michezo ya redio mwenye sauti pana, waligombana juu ya nani mwenye utani huo, na kwamba hawasemezani hadi leo. Habari hizi nimezisikia kwa watu wengi, na kila niliyemuuliza alikuwa amezisikia kwa mwingine. Maji ya kisima hicho nimeyanywa miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kunicheka isipokuwa kwa makosa yangu.

Punje ni zile nilizoziona kwa macho haya, nikiwa darasa la sita, nimekaa juu ya gunia, daftari mkononi. Hizo ndizo nitakazozisimulia.

Mashineni ni jina tulilolitumia wenyewe. Kwenye ramani huenda msilione. Ulikuwa mji mdogo kati ya Ngara na Biharamulo, uliojengwa kukizunguka kiwanda cha kukoboa kahawa: mtambo mmoja, maghala mawili, safu mbili za nyumba za wafanyakazi, kanisa, shule, na soko la Jumamosi. Wahangaza wa Mbuba na Murukulazo walileta kahawa yao kwa baiskeli na vichwani. Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga walikuja na ng'ombe, kisha baadhi yao wakapata kazi ya kupakia magunia. Baba yangu alikuwa fundi wa mtambo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuubembeleza mkanda mrefu wa injini usichomoke kwenye gurudumu lake.

Enzi zetu, siku ilianza kwa injini ya dizeli. Ilipowaka, vikombe vilitetemeka mezani, na mazungumzo ya kawaida yakaisha hadi jioni. Aliyetaka chumvi kwa jirani aliiomba kwa kelele ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Waliokuwa karibu zaidi na mtambo walizungumza kwa mikono na nyuso: kidole shavuni maana yake msimamizi anakuja, kiganja tumboni, chakula kimeiva, nyusi mbili juu, huyo anayesema ni mwongo. Watoto tuliijua lugha hiyo kabla ya kujua kuandika. Ikiwa mnataka kujua kwa nini mji mmoja mdogo ulitoa watu wenye sauti za kujaza ukumbi na nyuso zinazosema bila maneno, acheni kisima. Utazameni mtambo.

Uwanja wetu wa michezo ulikuwa lundo la maganda ya kahawa nyuma ya kiwanda, refu kuliko paa la shule. Tulipanda hadi kileleni na kuteleza kwa magome ya mgomba, tukafika chini tukiwa na maganda masikioni, puani, na mahali pengine ambapo mama zetu waliyagundua jioni. Mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Tulikula ndizi za kuchemsha na maharage, na mvua zilipoanza tulikula kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Mwanangu wa mwisho, akiwa na umri huo, alikuwa akiniuliza kumbikumbi wana vitamini gani. Sisi tuliuliza kama wamebaki.

Juu ya lundo hilo hilo ndipo tulipoigiza, kwa sababu mtu angeweza kuanguka mara saba katika igizo moja na asiumie.

Sasa nije kwenye ulimi. Nyumbani hapakuwa na aliyezungumza Kiswahili. Kilikuwa lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Mhangaza alikuwa hana haja na L, Msukuma hakuwa na haja na R, na Kiswahili kilipita katikati yao kikitoka na magoti yaliyochubuka. Bibi yangu mzaa baba aliniita Arufonsi hadi anazikwa. Shija, mtoto wa mpakiaji magunia, alikuwa na lafiki, balua na balabala. Petronia, binti wa mkulima wa Mbuba aliyekaa kwa shangazi yake ili asome, alikuwa akienda kurara. Mimi nilikuwa nimenyooshwa na baba, aliyenifundisha herufi hizo mbili kwa punje ya kahawa chini ya ulimi na fimbo nyembamba juu ya meza.

Mwaka ule shule iliandaa igizo la posa kwa ajili ya sherehe ya kufunga msimu. Shija alikuwa mshenga. Petronia alikuwa shangazi wa bibi harusi. Mgeni kutoka ofisi ya elimu ya wilaya angekuja, na igizo likimpendeza wangeigiza makao makuu ya wilaya, mbele ya shule zote. Hakuna mtoto wa mpakiaji magunia aliyewahi kupelekwa huko kwa lolote. Mwalimu mkuu, mtu aliyekipenda Kiswahili kama wengine wanavyopenda ng'ombe, alimwita Shija mbele yetu.

"Shija, sauti unayo, uso unao. Ulimi sijui umeuazima wapi. Ukikosea herufi moja tu siku hiyo, kofia anavaa Alfonsi."

Kofia hiyo ilikuwa ya msimamizi wa kiwanda, ya kijivu, yenye utepe mweusi, iliyoazimwa kwa ajili ya mshenga. Sitaficha kwamba niliitamani. Na mwalimu, kwa hekima au kwa kusahau, alinikabidhi mimi kazi ya kumfundisha Shija R.

Kwa wiki mbili tulikaa kwenye lundo kila jioni, yeye na punje chini ya ulimi, mimi na fimbo ya kuazima. Mara kwa mara aliimeza.

"Lafiki yangu," aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga, "nikimeza ya nne utanipeleka ghalani pamoja na magunia."

"Rafiki."

"Lllrafiki."

"Tena."

Nilimfundisha kwa haki. Hilo naweza kuliapia. Siku ya mwisho alisema mahari, barua na barabara bila kujikwaa, akacheza peke yake hadi chini ya lundo.

Siku ya sherehe kulikuwa na magunia ya mwisho ambayo hayajakobolewa, hivyo mtambo haukuzimwa. Watu walijaa mbele ya lundo, mgeni akaketi kwenye kiti chenye kitambaa, nami nikakaa juu ya gunia na daftari la igizo, nikifuata kila neno kwa kidole. Waigizaji walipiga kelele za Mashineni kuushinda mtambo. Kwa mujibu wa daftari, shangazi alipaswa kumuuliza mshenga, "Mmetoka mahali gani?" naye ajibu, "Tumetoka Murukulazo."

Petronia alijaza mapafu. Wakati huo huo mkanda ukachomoka, injini ikazimwa, na kimya kikauangukia mji mzima. Katikati ya kimya hicho likapita swali lake:

"MMETOKA MAHARI GANI?"

Shija alikuwa amekaa na R kwa wiki mbili. Alikuwa anaiota. Aliposikia mahari, alisimama wima, akashika kofia, akajibu kwa fahari yote ya ukoo wake:

"YA NG'OMBE KUMI!"

Mliowahi kusikia watu wazima wakicheka hadi wakakaa chini mtanielewa. Wapakiaji waliangukia magunia. Katekista alifunika uso kwa kitabu. Lakini mwalimu mkuu hakucheka. Yeye alimsikia Shija akijibu jambo lisilokuwemo, na tayari alikuwa na hukumu mfukoni.

"Shija! Shuka! Leta kofia."

Shija aliteremka polepole, maganda yakimfunika miguu. Hakulia. Aliiweka kofia mikononi mwangu bila kunitazama.

"Alfonsi, vaa. Tuanze upya."

Niliivaa. Ilinishuka hadi puani, nami humo ndani nikasikia harufu ya jasho na vumbi la kahawa. Nje ya kofia watu walikuwa wakisema kile walichosadiki kukisikia: "Yule Msukuma amekosea tena." Hata waliokaa hatua tatu kutoka kwa Petronia walisema hivyo, kwa kuwa walizoea kwamba Shija ndiye hukosea. Niliinua ukingo wa kofia nikamwona baba mlangoni mwa kiwanda, mkanda begani. Aliinua nyusi mbili juu.

Nyumbani alikuwa na msemo mmoja aliotulisha kuliko ugali: "Usiniletee wamesema. Niletee nimeona."

Nikavua kofia.

"Mwalimu, Shija hakukosea herufi hata moja. Nimefuata kwa kidole."

"Kama si yeye, ni nani?"

Sikuwa nimefikiri kwamba ukweli unaomwokoa mmoja ungemwangukia mwingine. Nilitazama daftari kana kwamba jibu limeandikwa humo. Ndipo Petronia akainua mkono juu ya lundo.

"Ni mimi, mwarimu."

Mwarimu! Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii nilimwona mwalimu mkuu akigeuka kuutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mgeni alifuta macho kwa leso.

"Mwalimu," akasema, "mrudishie mtoto kofia yake. Na waanzie pale pale walipokosea."

Shija alipanda lundo kwa mikono na miguu. Petronia alikuwa akimsubiri, mikono kiunoni, na maneno yaliyofuata hayakuwemo katika daftari langu.

"Mshenga, ng'ombe kumi ni kijiji cha wapi?"

"Ukiipita Murukulazo, mkono wa kushoto. Utawasikia wakilia."

"Wanalia nini?"

"Wameambiwa wanakuja kwako, shangazi."

Walikwenda makao makuu ya wilaya na kosa lao, nami nilikwenda nao kubeba daftari ambalo hakuna aliyelihitaji tena. Huko ndiko vilikoanzia vyote mlivyovisikia redioni na kuviona kwenye televisheni. Petronia alijifunza L hadi ikawa kama maji. Shija aliijua R, lakini mbele za watu aliiacha ipotee, nanyi mkamlipa kwa kicheko.

Leo mtambo wa Mashineni umekuwa kimya miaka mingi, na maganda ya kahawa huchukuliwa kwenda kuchomea matofali kabla hayajafika magotini. Vijana ni wasanii wote. Mmoja hujirekodi kwa simu akianguka kwenye nyasi, kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kupanda lundo, na kesho yake anaitwa nyota. Siwachukii. Ila wakikosea wanafuta na kurudia, na mimi hujiuliza wangekuwa nani kina Shija kama kosa lile lingeweza kufutwa.

Mwezi uliopita nilikuwa Nyakanazi nikisubiri basi la Ngara, nikaingia katika kibanda cha mama lishe. Shija alikuwa ameketi humo, nywele nyeupe, vijana wanne wamemzunguka na simu zao.

"Shikamoo mzee! Tuigizie kidogo!"

"Marahaba. Mama, naomba wali, maharage na robo ya kuku wa kukaanga."

R zote zilikuwa mahali pake. Vijana walitazamana.

"Mzee, mbona umesema sawasawa?"

"Nina njaa, mwanangu. Utani ni baada ya kula."

Aliponiona aliinuka. Ana umri wangu, lakini alipiga goti katikati ya kibanda: "Shikamoo, mwarimu!" Nikamwambia aache upuuzi, nikaketi. Sikumuuliza kuhusu Petronia. Anayestahili kuuliza habari za ugomvi ni yule aliyeuona, nami sikuuona.

Kabla hajamaliza wali, simu yake ililia. Aliiweka mezani na kuifungulia sauti, maana masikio yetu tuliokulia Mashineni yalikwisha kuharibiwa na mtambo. Ikatoka sauti ya mwanamke, pana, iliyozeeka kidogo, ile ile ambayo redioni haijawahi kukosea herufi:

"Umetoka mahari gani?"

Shija alimeza tonge, akakaa wima, akashika kofia ambayo hakuwa nayo.

"Ya ng'ombe kumi!"

Basi langu likapiga honi, nikainuka. Walichozungumza baada ya hapo sikukisikia. Nilisikia kicheko tu, kimoja mezani na kimoja ndani ya simu.