Kilo Moja ya Sukari

Sukari ile niliifungia kabatini na ufunguo nikautia kwenye sidiria. Cheka ukitaka. Miaka ile sukari ilikuwa haionekani Mbozi nzima. Ukiiona, imevushwa kwa magendo pale Tunduma, imefichwa kwenye gunia la mahindi. Yangu ilikuja kihalali, kilo moja, kwa ajili ya maabara yetu ndogo karibu na Mlowo.

Kazi yangu ilikuwa kutoa viini vya seli za mti wa kahawa tulizozilea kwenye chupa, kisha kutoa protini zilizomo ndani ya viini hivyo. Kiini ni kitu laini. Kwenye maji matupu huvimba kikapasuka. Kwenye maji ya baridi yenye sukari hutulia. Mara tatu nilishindwa, kwa kuwa nilizisaga seli kama mama alivyonifundisha kusaga ulezi kule Ileje, kwa nguvu zote, mpaka jiwe lilie. Viini vikawa uji. Sukari iliyobaki ilitosha jaribio moja tu.

Siku niliyopanga kulifanya jaribio hilo, wakaja wageni kutoka makao makuu, kuamua kama maabara ibaki au mashine zihamishwe. Mkuu wa kituo, aliyekwisha kuwaambia kwamba kazi kama yangu haiwezekani huku porini, akanigongea mlango.

"Ndugu, toa sukari. Wageni wanasubiri chai."

"Wanywe hivyohivyo, Mzee. Hii ni ya viini."

"Viini navyo vinakunywa chai?"

"Leo vinakunywa."

Nikafunga mlango. Hasira ilinijaa, na nilijua nikifanya kazi kwa hasira nimekwisha. Nikakaa kitini mpaka hasira ikapoa. Kisha nikazikatakata seli kwa wembe, taratibu, juu ya barafu, nikachuja kwa kitambaa cha nailoni, nikaendesha mashine ya kuzungushia neli kwa mwendo wa chini kabisa. Kwenye hadubini vikatokea: mviringo, vizima, vingi. Nilipiga vigelegele peke yangu. Baadaye nikazitoa protini kwa tindikali, na zilipoganda zikaacha utando mweupe kwenye kitako cha neli.

Nikatoka mbio kuwaita wageni. Walikwisha kuondoka, wamenuna. Mkuu nilimwonyesha neli. Akaitupia jicho, akaingia ofisini kwake.

Mashine zilihamishwa mwezi uliofuata. Nililia, sifichi. Mimi nikaachiwa barua ya onyo: nimekataa kwa makusudi kuwapa wageni sukari, "na badala yake umeitumia yote kutoa viini vya seli na protini zake." Nikatakiwa kuomba radhi kwa maandishi.

Sikuomba. Barua nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni kwangu, mhuri na sahihi ya mkuu vikisomeka vizuri. Hakuna karatasi nyingine inayokiri kwamba kazi ile ilifanyika hapa.